Waimbaji Kwanza, Wageni Baadaye

Ukumbi wetu haukujengwa kwa ajili ya hotuba. Naanza na hilo kwa sababu nawajua ninyi mliobaki na funguo: mtasoma ukurasa mmoja, halafu mtaitwa mkapange viti. Ulijengwa na Wazungu wa mashamba ya chai waliochoka kutazamana nyuso kila Jumamosi jioni. Walitaka kuimba, kuigiza na kujichekesha wenyewe. Walichonga mawe ya hapa hapa, wakaleta mbao za mutarakwa, mwerezi wa huku milimani, kutoka Londiani, wakaezeka kwa mabati, wakaweka jukwaa, pazia zito jekundu na piano. Mbele ya jukwaa walichimba shimo la wapiga vyombo, lile ambalo sisi tumelijaza viti vilivyovunjika. Mtu aliyetaka kuhutubia alikuwa na kanisa lake.

Nimefanya kazi humo tangu nilipokuwa msichana mpaka nilipostaafu, na miaka hiyo yote nimepigana na adui mmoja tu. Si mchwa, ingawa mchwa walikula piano. Si mabaraza ya mji yaliyokuja na kuondoka, kila moja likiahidi rangi mpya. Adui yangu ni mtu anayesimama na maikrofoni na kusema, "Kabla hatujaanza, ningependa kutambua wageni wetu." Jina hili la Mama Stage mnalodhani ni la heshima lilianza kama kejeli ya MC mmoja niliyemzimia taa akiwa anamtambua mgeni ambaye hata hakuwa amefika.

Siku ya kwanza niliajiriwa kufagia. Nilikuwa nimetoka kwetu Roret nimevaa viatu vya dada yangu, vidogo kwangu, na niliingia kwa mlango wa nyuma kwa sababu sikuona wa mbele. Humo ndani nikamkuta Mzee Kiprono, aliyekuwa akisimamia jukwaa tangu wakati wa Wazungu. Alikuwa mfupi, na mikono yake ilikuwa migumu kwa sababu ya kamba. Hakuniuliza jina.

"Wewe msichana, weka ufagio chini. Shika hii kamba. Usiachilie mpaka niseme."

Nikashika. Ilikuwa kamba ya pazia, na upande wa pili ilikuwa imefungiwa mifuko ya mchanga ya kusawazisha uzito. Mzee akatoka kwenda kutafuta kapi ya kubadilisha ile iliyokwama. Njiani akaitwa ofisini, ofisini akapewa chai, na kwenye chai akakutana na mtu wa kwao. Mimi nimeshika. Mikono ilikufa ganzi, viatu vikanibana, nikawa nawatukana moyoni yeye na Wazungu waliotengeneza pazia zito namna ile. Aliporudi alitazama mikono yangu.

"Bado umeshika?"

"Ulisema nisiachilie."

"Basi tutafutie ufagio mtu mwingine," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya jukwaa. Hakuna mahojiano yaliyonishinda baada ya hapo.

Alinifundisha kila kitu kwa kunung'unika. Kamba ya katani husikilizwa kwa kiganja: ikianza kuwasha, imeanza kukatika ndani. Mfuko wa mchanga hufungwa mara mbili, kwa sababu fundo moja ni la mtu asiyependa kichwa chake. Taa zilikuwa jambo la kutisha. Zilipunguzwa kwa maji ya chumvi. Kulikuwa na mabomba ya udongo yamesimama ukutani, yamejazwa maji yenye chumvi, na ndani ya kila bomba kulining'inia kipande cha chuma kwa mnyororo. Ukikishusha chuma, umeme unapita vizuri na taa inawaka. Ukikivuta juu, taa inafifia polepole mpaka watu wote wanyamaze wenyewe. Chumvi ikizidi, maji yanachemka na ukumbi unanuka jiko. Baadaye ulikuja mtambo wa kisasa wenye vitufe, mabomba yakang'olewa, na mtambo ukafa kabla hatujajifunza vitufe vyote. Tangu hapo taa zetu zinajua mambo mawili tu, kuwaka na kuzimika.

Sasa nieleze paa, kwa sababu msipoelewa paa hamtaelewa hasira yangu. Mvua ya Kericho haijifichi. Asubuhi kunakucha kweupe, wachuma chai wanaingia mashambani, na mchana ukishapinduka wingu linashuka kutoka vilimani. Kila mtu aliyezaliwa huku anajua. Juu ya viti vya watazamaji hakuna dari. Wazungu waliweka kitambaa, kikaoza, kikatolewa, hakikurudi. Ni mabati matupu. Mvua ikipiga pale, hata ukimpigia mwenzako kelele sikioni anakujibu "Eh?" Lakini juu ya jukwaa walijenga dari ya mbao za mutarakwa, na juu ya mbao wakalaza magunia ya vumbi la chai, yale masalio ya kiwandani. Jukwaani, mvua iwe kubwa namna gani, unasikia mtu akikohoa.

"Wazungu walilipia viti vya mbele," Mzee Kiprono aliniambia, "na sisi Waafrika tulikatazwa kukaa huko. Tulikuwa huku nyuma na kamba. Lakini mvua ikinyesha, ni sisi tulikuwa tunasikia."

Alicheka sana aliposema hivyo. Alikuwa akijua nyimbo zao zote, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anazijua. Alipostaafu alinipa kisu chake cha kukatia kamba, na alipofariki nilikwenda mazishini, ambako watu walitambuliwa tangu asubuhi mpaka jeneza likasahaulika juani.

Kwa hivyo hesabu ya kazi yetu ni rahisi. Waimbaji waimbe asubuhi, au angalau mara tu baada ya chakula, kabla ya mvua. Wageni watambuliwe baadaye, mvua ikinyesha, kwa sababu mgeni wa kutambuliwa hasikilizi. Anangoja jina lake tu. Nimewaambia jambo hili walimu, wachungaji, machifu, kamati za harusi na kamati za michango. Wote walikubali, na hakuna aliyefanya. Tuna kawaida huku kwamba mtu akija hafla bila kutajwa amedharauliwa. Na akitajwa lazima asimame, na akisimama lazima asalimie watu, na akisalimia lazima awaambie alitoka nyumbani saa ngapi na barabara ikoje. Halafu tunampigia makofi matatu. Halafu anamwita aliyekuja naye.

Aliyeumia zaidi ni Mwalimu Wanjiku. Huyu ni binti wa yule mfanyabiashara wa hadiwea mjini, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ni Mkikuyu, lakini alizaliwa hapa hapa, Kikipsigis anakizungumza kunishinda, na alikataa duka la baba yake akaenda kufundisha muziki. Ana kwaya ya akina mama wachuma chai. Wanafanya mazoezi jioni wakiwa bado na harufu ya majani mabichi mikononi. Kila walipokuja ukumbini, walikalishwa pembeni wamevalia sare, wakingoja watu wamalize kutambuana. Kila mara mvua iliwakuta bado wanangoja. Waliimba, midomo ikafunguka na kufungika, na hakuna aliyesikia hata neno. Watu walipiga makofi kwa adabu. Niliona akina mama wale wakishuka ngazi na nyuso zimewaanguka, nikatamani kulia kwa hasira.

Basi ikaja habari kwamba ukumbi utabomolewa. Wakubwa wa kamati iliyokuwa ikiamua mambo ya majengo ya mji walitaka sehemu ya kuegesha magari. Walisema jengo ni la kikoloni, halina faida, na hata ukienda kwa sherehe husikii kitu. Hilo la mwisho liliniuma, kwa sababu lilikuwa kweli. Mwalimu Wanjiku alizunguka ofisi mpaka akapewa nafasi moja: mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa tuliyemwita hivyo tu, angekuja na wenzake wasikilize tamasha. Wakiridhika, jengo libaki. Wasiporidhika, tingatinga liingie.

Niliwekwa kusimamia siku hiyo. Kwanza nilimtafuta MC, kijana mmoja aitwaye Wesley, mwenye sauti nzuri na suti ya kung'aa.

"Wesley, kwaya inaimba kwanza. Asubuhi. Kabla ya mtu yeyote kutajwa. Umenielewa?"

"Madam, relax. Leo ni nyimbo tu. Mambo ya protokali nimeweka kando kabisa."

"Hata Mheshimiwa?"

"Hata yeye. Atatambuliwa akiondoka."

Nilimwamini, ndiyo. Nilikuwa nimechoka, na mtu akichoka anaamini.

Mheshimiwa alitakiwa kufika asubuhi. Asubuhi ikapita. Akina mama wakasimama jukwaani, wakaketi, wakasimama tena. Nilimwambia Wesley waimbe tu, watu wengine wasikie, akanitazama kama nimemwambia avue nguo. Chakula kikaliwa. Nikatoka nje kutazama vilima: wingu lilikuwa limeshaanza kushuka. Ndipo magari yakaingia.

"Waimbe sasa hivi," nikamwambia Wesley. "Sasa hivi."

"Madam, nitafanya aje? Amekuja na watu. Watu wakikuja lazima watambuliwe."

"Uliniahidi!"

"Tutafanya haraka haraka. Hatutakaa."

Akatambua Mheshimiwa. Mheshimiwa akatambua kamati. Kamati ikatambua machifu, machifu wakatambua wachungaji, na mchungaji mmoja akaomba maombi ya kufungua siku iliyokuwa karibu kufungwa. Wakatambuliwa madereva. Kuna mzee mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni. Wesley alimwona, akamkaribisha mbele atoe neno la hekima. Mzee akashika maikrofoni, akasema yeye alikuwa anatafuta choo. Akapigiwa makofi matatu.

Mwalimu Wanjiku alikuja kusimama karibu nami kwenye kamba. Hakuwa akilia. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Mama Stage, wakinyeshewa leo tena, mimi naacha muziki. Naenda kuuza misumari kwa duka ya baba."

Tone la kwanza lilipiga bati, likafuata la pili, halafu ikaja mvua ya mawe. Stima ikapotea, kama kawaida yake. Mheshimiwa alikuwa katikati ya sentensi; niliona mdomo wake ukiendelea bila sauti, kisha akaitazama maikrofoni kama imemtukana. Akaketi kwenye sofa lake la mbele. Mwalimu Wanjiku akapanda, akainua mikono, na akina mama wakaimba hivyo hivyo, maana hakuna aliyewaambia wasiimbe. Kule chini hakuna aliyesikia. Mheshimiwa akamnong'oneza jirani yake, jirani akasema "Eh?", na wote wawili wakaanza kukusanya makoti. Walichokuja kuhakikisha walikuwa wamekihakikisha.

Hapo nikapandwa na wazimu. Sina neno jingine. Nilishuka ngazi, nikaenda moja kwa moja hadi kwenye sofa, nikamshika Mheshimiwa mkono wa koti na kumvuta. Mlinzi wake akaruka, lakini mimi ni mama mzima mwenye mvi, na hakujua anishike wapi. Nikampandisha yule mtu ngazi za pembeni, nikampitisha nyuma ya pazia na kumkalisha juu ya mfuko wa mchanga. Wale wengine walipoona mkubwa amekwenda, wakafuata mbio, wasije wakaachwa na jambo. Wakajaa huko nyuma kati ya kamba, machifu na wachungaji, wengine wamesimama, wengine wamekalia ndoo. Mwalimu Wanjiku aliona. Akawageuza akina mama wakawapa mgongo watu wa chini, wakaelekea kwetu.

Wakasikika.

Ulikuwa wimbo wao wa shambani, wa mama anayemwacha mtoto kwa jirani na kumwimbia kutoka mbali, mistari ya chai ikiwa kati yao. Sauti ya kwanza inaita, nyingine zinajibu, na ya chini kabisa inabaki imeshika neno moja tu mpaka mwisho. Nilikuwa nimewasikia kwenye mazoezi mara nyingi, lakini siku hiyo niliposikia nilisahau hata kwamba nimeshika kamba tena. Mvua ya mawe ilikuwa ikipiga kwa nje na hapo ndani ungesikia mtu akivuta pumzi. Mheshimiwa alilia. Sisemi machozi yalimlengalenga. Alilia, akajipangusa kwa tai.

"Hii nyumba haibomolewi," alisema wimbo ulipokwisha. "Nani alisema hii nyumba ni mbaya? Nani?"

Ni yeye aliyekuwa amesema. Nilikuwa na furaha kubwa mno ya kuharibu kwa ukweli. Mwalimu Wanjiku alinikumbatia mpaka mbavu zikauma, na akina mama wakacheza hapo hapo kwenye mbao.

Ukumbi haukubomolewa. Mnaufagia kila siku, mnajua. Mnachojua pia ni kilichofuata, maana ninyi ndio mliobeba masofa.

Wiki chache baadaye nilifika kazini nikakuta zulia jekundu jukwaani. Juu ya zulia, masofa. Mbele ya masofa, meza ndogo zenye maua ya plastiki na chupa za maji. Kwenye nguzo kumebandikwa kibao: WAGENI WAHESHIMIWA. Kamba zangu zilikuwa zimefungwa pembeni ili zisiguse vichwa vya watu. Nikakimbia ofisini kwa Mheshimiwa bila hata kuvua aproni.

"Mheshimiwa, na waimbaji watasimama wapi?"

"Hapo chini, mbele ya watu. Wako na nafasi kubwa huko."

"Huko chini ni mabati! Mvua ikinyesha hawatasikika."

Akanitazama kwa upole wa kweli, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mama, si ni wewe ulitufundisha? Wewe mwenyewe ulinishika mkono ukanionyesha huko juu ndiko kuzuri. Sisi tulishukuru. Kongoi, asante."

Nilibishana naye mpaka nikastaafu. Niliandika, nilipiga simu, nilimvizia kanisani. Kila mara alikubali kwamba nina hoja nzuri. Masofa hayakusogea. Tangu siku hiyo wageni wanakaa jukwaani chini ya dari nzuri ya mutarakwa, wakisikilizana wenyewe wakiulizana habari za barabara, na kwaya zinasimama chini ya bati.

Mwezi uliopita nilialikwa tamasha la shule. Nilikwenda nimevaa vizuri, nikiwa na nia ya kukaa nyuma kabisa nitulie. Wesley aliniona. Suti ilikuwa mpya, sauti ile ile.

"Tuko na mgeni wa maana sana! Mama Stage mwenyewe! Mama, hapana, huwezi kaa huko. Panda juu!"

Nikapandishwa. Nikakalishwa kwenye sofa karibu na Mheshimiwa, nikapewa chupa ya maji. Tukatambuliwa mmoja mmoja. Chini, Mwalimu Wanjiku alikuwa amesimama na watoto wake wa kwaya, sare zimepigwa pasi, wakingoja. Mvua ikaja, stima ikaenda. Watoto wakafungua midomo. Nilikuwa mgeni mheshimiwa kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na sikusikia kitu.

Walipomaliza, Wesley alikuja kunichukua. Programu ilisema Mama Stage atasalimia watu, na programu ni programu. Akanishusha hadi mbele, chini ya mabati, na kunipa maikrofoni isiyokuwa na umeme.

Nikaishika, nikasema yote. Nilisema tokeni jukwaani, nyote, na maua yenu ya plastiki. Nilisema Wesley ni mwongo. Nilisema Mheshimiwa alipewa masikio jioni moja, naye akayageuza kiti. Nilisema watoto hawa wameimba na ninyi mmepiga makofi kwa kitu ambacho hamkukisikia, na hamwoni haya. Nilipaza sauti mpaka koo likaniuma, machozi yakatoka, na mvua juu ya bati ikaendelea na kazi yake. Mwalimu Wanjiku peke yake, aliyekuwa hatua moja kutoka kwangu, alisikia. Alijifunika uso kwa karatasi za nyimbo, na sikujua kama anacheka au analia.

Watu walisimama wote wakanipigia makofi matatu. Mheshimiwa alishuka mwenyewe kutoka kwenye sofa, akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniinamia sikioni ili nisikie.

"Mama, umeongea vizuri sana. Hata mimi nilikuwa nataka kusema hayo hayo."